Maswali ya Wasomaji: Maji ya baridi yanayeyushaje barafu?

Toleo lililopita tuligusia mito ya barafu (barafu nene inayosogea polepole kutoka bara kuelekea baharini) ya Antaktika na Greenland, na jinsi bahari inavyoila kutoka chini. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi. Tumechagua tano.

Mlisema maji yanayoila barafu ya Thwaites kule Antaktika yana nyuzi 1 tu ya Selsiasi. Hayo si baridi kuliko maji ya kwenye friji yangu? Yatayeyushaje barafu kubwa hivyo?
*Msomaji, Tanga*

Ndugu msomaji, namba ya kipimajoto peke yake haitoshi. Kinachohesabika ni pengo kati ya joto la maji na kiwango ambacho maji hayo yangeganda. Maji ya bahari hayagandi kwenye sifuri. Karibu na uso huganda yakifika takriban nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na kwa kila mita 1,000 unazoshuka kiwango hicho huteremka kwa kama robo tatu ya nyuzi, kwa sababu ya mgandamizo. Kwenye kina cha mita 1,000, basi, maji ya nyuzi 1 yamezidi kiwango cha kuganda kwa nyuzi 3 na nusu hivi. Kwa barafu, hayo ni maji ya moto.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo 1 ya barafu iliyo tayari kuyeyuka inahitaji kilojuli 334. Kilo 1 ya maji ya bahari ikipoa kwa nyuzi 1 inatoa kama kilojuli 4. Kwa hiyo zinahitajika kilo 84 za maji kuyeyusha kilo 1 ya barafu, au kilo 24 tu iwapo pengo ni nyuzi 3 na nusu. Bahari haina uhaba wa maji. Kazi iko katika kuyafikisha, na katika kuyagusanisha na barafu.

Hilo la kugusanisha lilionekana vizuri Januari 2020, watafiti walipotoboa Thwaites kwa maji ya moto, shimo la karibu mita 600, wakateremsha roboti nyembamba iitwayo Icefin. Maji waliyoyakuta yalikuwa yamezidi kiwango cha kuganda kwa zaidi ya nyuzi 1. Hata hivyo, mahali ambapo tumbo la barafu ni bapa, barafu ilikuwa ikipungua mita 2 hadi 5 hivi kwa mwaka, polepole kuliko ilivyotarajiwa. Tabaka jembamba la maji baridi yaliyotoka kwenye barafu yenyewe lilikuwa limeikinga. Kwenye nyufa na kwenye kuta zilizosimama, tabaka hilo halitulii, na huko uyeyukaji ulikuwa wa kasi zaidi.

Tulifundishwa kwamba maji ya moto hupanda juu. Mbona nyinyi mnasema joto liko chini?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Nairobi*

Mlichofundishwa ni kweli kama maji yote yana chumvi sawa. Katika bahari za ncha za dunia, chumvi ndiyo inayoamua nani akae juu. Maji ya baridi yaliyochanganyika na barafu iliyoyeyuka yana chumvi kidogo, hivyo ni mepesi na hubaki juu. Maji yanayotoka Atlantiki yana joto zaidi lakini yamejaa chumvi, hivyo huzama. Pwani ya Greenland utayakuta kuanzia mita 200 au 300 kwenda chini. Jua haliyafikii, joto lake yamelichukua mbali, kusini.

Mfano unaosomesha kuliko yote ni mto wa barafu wa Jakobshavn, magharibi mwa Greenland. Mwaka 1997 maji ya vuguvugu yaliingia katika ghuba iliyo mbele yake. Ulimi wake uliokuwa ukielea, urefu wa kilomita 15 hivi, ulianza kukonda kutoka chini, ukavunjika vipande, na kufikia 2003 ulikuwa umekwisha. Mto huo uliokuwa ukisogea chini ya kilomita 6 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukapita kilomita 12.

Kisha ikatokea jambo ambalo wengi hawalisikii. Mwaka 2016 maji ya ghuba hiyo yalipoa hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu miaka ya 1980. Mto ukapunguza mwendo, na sehemu ya mbele ikaanza kunenepa. Wapo waliolishangilia hilo kama dalili kwamba mambo yametulia. Sisi tunalisoma kinyume. Bahari ilibadilika kwa nyuzi chache, barafu ikaitikia mara moja. Maana yake ni kwamba usukani uko baharini, na maji yale ya baridi yalikuja na zamu ya kawaida ya Atlantiki ya Kaskazini, ambayo hupanda na kushuka.

Si kila mto wa barafu uko wazi hivyo. Ghuba nyingi za Greenland zina kizingiti cha mwamba au kifusi mlangoni. Kizingiti kikiwa juu, maji mazito ya chini hugonga na kurudi. Kikiwa na kina kirefu, hupita. Ndiyo sababu mito miwili jirani inaweza kuwa na hali tofauti kabisa, na ndiyo sababu mradi wa NASA wa OMG (Oceans Melting Greenland, yaani bahari zinazoyeyusha Greenland), ulioanza 2015, ulipima umbo la sakafu ya bahari kuizunguka Greenland, sambamba na kudondosha vipimajoto majini kutoka kwenye ndege.

Ninafundisha Jiografia shule ya sekondari, hatuna maabara ya maana. Kuna jaribio la kuwaonyesha wanafunzi?
*Mwalimu, Dodoma*

Lipo, Mwalimu, na litawashangaza. Unahitaji glasi tatu ndefu zinazopitisha mwanga, chumvi ya mezani, rangi ya chakula na barafu.

Usiku wa kuamkia somo, tayarisha maji. Chumvi ya bahari ni kama gramu 35 kwa lita. Kwa glasi ya mililita 300, weka vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Koroga hadi iyeyuke. Glasi mbili ziwe za maji ya chumvi, moja ya maji ya bomba. Ziache pamoja chumba kimoja hadi asubuhi ili joto lake liwe sawa. Gandisha maji ya bomba yenye matone machache ya rangi, vipande vyote kwa trei moja ili vilingane.

Kabla ya kuanza, waulize wanafunzi barafu itakwisha wapi kwanza. Wengi watasema kwenye chumvi, maana wamesikia chumvi huyeyusha barafu. Tumbukiza vipande kwa wakati mmoja, taratibu. Usiguse glasi mbili za kwanza, ya maji ya bomba na moja ya chumvi. Ya tatu, yenye chumvi pia, ikoroge polepole bila kukoma.

Kwenye maji ya bomba utaona nyuzi za rangi zikizama. Maji baridi yanashuka, ya vuguvugu yanachukua nafasi yake, na barafu inakwisha mapema. Kwenye chumvi isiyokorogwa, rangi hubaki juu kama kifuniko. Maji yaliyoyeyuka ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hayaondoki, na barafu inakaa ndani ya baridi yake yenyewe. Hicho ndicho kilichoikinga Thwaites. Glasi inayokorogwa kifuniko hicho huvunjika, na barafu huisha haraka kuliko kwenye chumvi iliyotulia. Ukiwa na kipimajoto, pima juu na chini ya glasi mbili za kwanza. Utakuta majibu yamepinduka.

Jaribio huharibika kwa sababu chache. Maji ya chumvi yakitayarishwa dakika hiyohiyo yanakuwa hayajalingana joto na mengine. Glasi fupi humfanya mwanafunzi asione kuzama kwa rangi. Meza inayotikiswa hukoroga bila kukusudia, na hilo ndilo kosa la kawaida darasani.

Watakuuliza nani anakoroga baharini. Mawimbi na mikondo, lakini Greenland yupo mkorogaji mwingine. Wakati wa kiangazi cha huko, maji yaliyoyeyuka juu ya barafu hutumbukia kwenye mashimo, hupita chini kabisa, na kutokea baharini mamia ya mita chini ya uso. Hayana chumvi, hivyo hupanda kwa nguvu ukutani mwa barafu, yakivuta maji ya vuguvugu ya kina. Hewa yenye joto juu huipa bahari mkono chini.

Barafu inayoelea ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari. Sasa hofu ya nini?
*Msomaji, Lamu*

Sahihi, karibu kabisa. Lakini ulimi unaoelea huizuia barafu iliyo nyuma yake, iliyokalia mwamba. Larsen B, rafu ya barafu iliyokuwa ikielea Antaktika, ilipovunjika 2002 (hapo joto la hewa lilichangia sana), mito iliyokuwa nyuma yake iliongeza mwendo mara kadhaa. Thwaites imelalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari na unaozidi kuinama kadiri unavyoingia bara, kwa hiyo ikirudi nyuma inaweka mbele ya bahari ukuta mrefu zaidi. Ina barafu ya kutosha kuinua bahari za dunia kwa kama sentimita 65, ingawa si kwa siku moja. Kwa Lamu, ongeza hili: barafu ya Antaktika ikipungua, nguvu yake ya kuvuta maji hupungua pia, na maji husogea kwenda mbali. Pwani yetu hupata kidogo zaidi ya wastani.

Na Kilimanjaro? Bahari iko mbali.
*Msomaji, Moshi*

Haiigusi, lakini inaisumbua kwa njia ya mvua. Juu ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, hewa kwa kawaida hubaki chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya barafu hupotea ikigeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kazi inayohitaji nishati zaidi ya mara nane ya kuyeyuka. Jua ndilo linaloilipia. Theluji mpya nyeupe hulirudisha. Barafu kuukuu yenye vumbi hulimeza. Magharibi mwa Bahari ya Hindi pakipata joto kuliko mashariki, kama vuli ya 2019, mvua huwa nyingi na Kibo huvikwa theluji. Mpangilio ukipinduka, kilele hubaki wazi. Tangu 1912 hadi 2007 eneo la barafu lilikwishapungua kwa asilimia 85, na kilichobaki kina kuta zilizosimama wima, ambazo theluji hata ikianguka haikai.