Swali la lugha: koleo, kibano au fosepsi? Majina ya vifaa vya thieta

Swali limetoka kwa binti anayesomea unesi hapa hapa Tanga, nalifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili na sasa hivi tupo mazoezini thieta, chumba cha upasuaji. Vifaa vyote tunavitaja kizungu, fosepsi, ostiotomu, ritrakta, spekulamu, na sisi kwa sisi tunaelewana. Juzi bibi mmoja wa Pongwe, mjukuu wake anatolewa nyama za puani, akanishika mkono akaniuliza mwanangu hicho watakachomtia mjukuu wangu puani ni kitu gani, nikaduwaa. Mwenzangu akasema ningejibu koleo, mwingine akasema kibano. Kwani hivi vifaa vina majina ya Kiswahili au hatuna? Na koleo ni koleo hii au koleo hili?"

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kulibeba swali la bibi mpaka huku maana wengi wangelipita tu. Majina yapo, na mengi ni ya siku nyingi, ila hayakai thieta, yanakaa kwa mafundi. Nitafika huko. Naanza na koleo kwa sababu hapo ndo pana mtego.

Kwenye kamusi koleo ni kifaa cha kushikia au kubania kitu, kama kile anachoshikia mhunzi chuma cha moto, na kwa kuwa fosepsi nayo ni ya kushikia na kubania, ukiiita koleo hujakosea. Sasa toka uende kwenye nyumba yoyote inayojengwa, Kange huko au Majani Mapana, mwambie kibarua nipe koleo uone atakuletea nini. Atakuletea lile la kuchotea mchanga na kuchanganyia zege. Hata magazetini wakiandika koleo tuliite koleo na sio kijiko kikubwa wanamaanisha hilo hilo la mchanga, na ile ya kubania waya fundi umeme anaiita plaizi, hana habari na koleo.

Mimi limeshanikuta. Miaka ya nyuma niliombwa kuandika kwa Kiswahili karatasi ya maelezo ya wagonjwa, hospitali yenyewe siitaji, nikaandika daktari atatumia koleo dogo kutoa vinyama vya puani, kamusi iko mezani mbele yangu na nina uhakika kabisa na neno langu. Mzee mmoja akasomewa ile karatasi na mwanawe, akakataa kusaini. Walipomuuliza kulikoni hakusema neno, akaonyesha tu kwa mikono miwili, hivi, mkono mmoja chini mmoja juu, kama mtu anayechota mchanga. Niliposimuliwa niliumia sana, nikaomba ile karatasi nikaiandika upya yote.

Kwa hiyo ukinipa nichague, mbele ya mgonjwa sema kibano. Kimetoka kwenye kubana na kila mtu anakielewa bila kufafanuliwa. Tena hapa Kiswahili kinakupa zaidi ya unachoomba, maana nyinyi thieta mna fosepsi za aina mbili kubwa. Kuna ile unaishika kama kalamu, ukilegeza vidole nayo inaachia, na kuna ile yenye matundu ya vidole kama mkasi na vijino katikati, ukiibana inajifunga yenyewe na unaweza kuiacha imening'inia kwenye mshipa wa damu ukaendelea na kazi nyingine. Pendekezo langu ya kwanza iitwe kibano na ya pili iitwe kibanio, kwa sababu kibanio tayari tunakijua, ni kile cha nguo kwenye kamba au cha nywele, ukikiachia kinaendelea kushika chenyewe. Tofauti ni kairabu kamoja tu lakini kazi inaonekana. Yale majina ya watu yabaki kama yalivyo, kibanio cha Kocher kiwe cha Kocher, ni jina la Theodor Kocher, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyepewa Nobel mwaka 1909, likitamkwa haraka haraka linaangukia kwenye kocha wa mpira lakini hilo halina madhara.

Ngeli yake: kwa sanifu ni koleo hili, makoleo haya. Mtaani utasikia koleo hii, koleo hizi na hakuna atakayekushangaa, ila kwenye mtihani andika hili. Fosepsi ni hii na hizi, kama maneno mengi tuliyoyakopa. Mkasi ni huu, mikasi hii, ingawa huku Pwani makasi tunalisema sana na sioni sababu ya kumsahihisha mtu mzima.

Sasa tuje kwa mafundi. Hebu litazame neno lenyewe la kazi yenu, kupasua. Kabla mtu hajasema daktari kampasua mgonjwa, watu walikuwa wanapasua mbao, na mpaka leo mpasua mbao ni kazi na ni jina, ukishuka kutoka Muheza utawakuta. Lugha ilipotaka neno la kazi ya daktari ilikwenda kwa mwenye msumeno ikachukua neno lake. Kama kitenzi tulikichukua huko, vyombo vyake pia tuvifuate huko huko, hasa upande wa mifupa, maana mfupa unafanyiwa kazi kama mbao. Unakatwa, unachongwa, unatobolewa, unapigwa parafujo.

Nenda kwa fundi seremala yeyote Ngamiani umwombe akuonyeshe patasi yake. Itazame mdomoni. Upande mmoja imenolewa kwa mshazari na upande wa pili ni bapa kabisa, ndo maana akiipiga kwa nyundo ya mti huwa inavuta upande, na fundi anaitumia hiyo tabia kuchonga na kulainisha. Alafu nenda kwa fundi mwashi au fundi chuma umwombe tindo. Tindo imenolewa pande zote mbili, makali yako katikati, kwa hiyo ukiigonga inakwenda moja kwa moja haipindi. Sasa kumbuka trei yenu ya mifupa. Ile yenye makali upande mmoja wazungu wanaita chizo, na ile yenye makali pande mbili ndo ostiotomu. Umeona ilivyokaa? Ya kwanza ni patasi ya mfupa na ya pili kwa umbo lake ni tindo ya mfupa. Wengi wanaziita zote mbili patasi na wanaeleweka, ila mwanafunzi akifundishwa patasi na tindo hatasahau ipi inakwenda wima na ipi inavuta upande, kwa sababu ameshaziona kwa fundi tangu mtoto. Na tindo ni neno letu la zamani, linatokana na kutinda, yaani kukata, ndo huko huko kwenye kutinda nyusi na kwenye kitinda mimba, mtoto wa mwisho. Mimi neno kama hili nikiliona limeachwa nalisikitikia.

Msumeno wa mfupa hauna maelezo. Ule wa waya, ule wenye vishikio viwili unaovutwa huku na huku mpaka mfupa unakatika, ni wa Leonardo Gigli, daktari wa uzazi wa Italia, na msumeno wa waya ni jina zuri tu. Ya kutobolea mafundi wa siku hizi wanasema drili, wazee waliounda majahazi walisema keekee, ile inayozungushwa kwa upinde na kamba, na keekee ya mfupa kwangu mimi inapendeza kuliko drili, lakini ukisema drili hujavunja sheria.

Kuna kimoja kilinipa shida, kile kinachoitwa ronja, kinafanana na plaizi yenye vikombe viwili mdomoni, kinamega mfupa kidogo kidogo. Jina lake ni la Kifaransa na maana yake kinachoguguna. Mtu wa haraka atasema basi kitafunio, kwa kuwa kinatafuna, lakini kitafunio kwetu ni maandazi na mihogo ya chai. Hapa Kiswahili kinakukatalia hata kama sarufi imekaa sawa. Guguna ndo kitenzi chake, panya anaguguna, mbwa anaguguna mfupa, kwa hiyo kibano cha kuguguna mfupa, maneno manne yenye picha kamili. Mtego kama huo uko kwenye ritrakta pia. Inavuta ngozi na nyama pembeni ili daktari aone ndani, basi mtu anasema kivutio, na vivutio sisi tunavyo, Mapango ya Amboni ni kivutio! Hapana, sema kulabu. Kulabu ya ngozi ni jina tosha kwa ile yenye ncha, na ile pana iliyopinda kama herufi L unaweza kuiita kivuta nyama.

Hapo kwenye kivuta nyama nimetumia njia ambayo nataka uishike, kwa sababu ndo itakutoa siku huna kamusi. Chukua ki, weka kitenzi, malizia na kile kinachotendwa. Kipima joto, kipaza sauti, kifungua kinywa. Mtu anaelewa mara ya kwanza anaposikia. Kile cha kushikia sindano wakati wa kushona ni kishika sindano, na spekulamu ya puani ni kipanua pua, wingi vipanua pua. Msiende kutafsiri spekulamu yenyewe, ni Kilatini na maana yake kioo, na hicho kifaa hakina kioo chochote, kazi yake ni kupanua tundu. Ile ndogo ya waya bapa uliopinda, unaibana kwa vidole ukiingiza alafu ukilegeza inatanuka yenyewe na kuishikilia pua wazi, inaitwa Thudichum, ni jina la Mjerumani aliyefanya kazi London, Johann Ludwig Wilhelm Thudichum. Kipanua pua cha Thudichum, hivyo tu.

Vibano vya puani navyo vina kitu ambacho mgonjwa akiambiwa anatulia. Vina shingo iliyopinda, na haikupindwa kwa urembo, imepindwa ili mkono wa daktari ukae pembeni usizibe macho yake, kwa sababu tundu la pua ni jembamba na anatazama humo humo anamofanyia kazi. Na ile ya kusugulia mfupa wa pua ni tupa, tupa kama ya kunolea panga isipokuwa ni ndogo na safi.

Upande wa visu nitapita haraka. Skalpeli iite kisu cha upasuaji, sehemu ya kushika ni mpini, ya kukatia ni bledi kama mnavyosema wenyewe, mpini namba 3 unachukua bledi namba 10, 11, 12 na 15, na mpini namba 4 unachukua kubwa za 20 mpaka 24. Wengine wanapendekeza kijembe. Ni neno zuri na la zamani, kijembe ndo walichochanjia chale na kuumikia watu damu, ila sasa limebeba habari ya kurushiana vijembe, na kwa mgonjwa linanuka uganga. Liacheni.

Kuna jambo pia nyinyi wasomi mnalisahau, wagonjwa wenyewe wameshajitungia msamiati na ni mzuri. Hawasemi sucha, wanasema kashonwa nyuzi sita. Plasta ngumu ya mguuni wanaiita hogo. Aliyeanguka na bodaboda akatokezewa vyuma nje ya mguu wanasema kawekewa antena, na ukiuona ule mguu huwezi kubisha. Sikilizeni kwanza wodini watu wanasemaje kabla ya kuwapelekea neno.

Je, thieta muache fosepsi na ostiotomu? Hapana mwanangu. Daktari akinyoosha mkono hataki mjadala wa lugha, anataka kifaa, na jina lile lile linalotumika darasani ndo litumike pale. Endeleeni nalo na mlisarufishe vizuri, fosepsi zile mbili, ostiotomu hii hapa. Kiswahili cha patasi na kibano ni cha kabla ya kuingia thieta, pale mtu anapopewa karatasi ya kusaini, kwa sababu anasaini mwili wake au wa mtoto wake na ana haki ya kujua anachosaini. Ila hapo napo tumia busara, kwa mgonjwa anayetetemeka taja kazi kwanza kabla ya chombo. Ukimwambia tutakurekebisha mfupa uliokaa vibaya utaendelea kuongea naye, ukianza na patasi na nyundo umeshampoteza. Akiuliza kwa nini, au kwa chombo gani, hapo mtajie bila kumficha.

Na bibi yako wa Pongwe ameuliza mwenyewe, kwa hiyo anastahili jibu. Mkalishe, mwambie: "Bibi, tundu la pua litafunguliwa kidogo kwa kipanua pua, alafu daktari ataingiza kibano chembamba avitoe vile vinyama. Mjukuu wako atakuwa amepewa dawa ya usingizi." Na ukifika kwenye kibano muonyeshe kwa vidole vyako viwili, gumba na cha shahada, aone udogo wake.