Mkuu, usiguse bajeti ya kupima njia ya kebo

Mkuu, hiyo pesa ya kupima njia ya kebo uliyotaka kuikata irudishe kwenye bajeti leo hii. Umeandika kwamba mradi wenu wa mitambo 40 ya upepo baharini utategemea ramani moja ya sakafu ya bahari, iliyopimwa msimu mmoja wa bahari shwari, na kwamba kebo zitazikwa "mita moja kama kawaida". Halafu ukauliza kuhusu ukubwa wa mitambo, kelele za kupigilia nguzo za mitambo chini ya bahari, wavuvi na ndege. Hayo yatasubiri. Hiyo mita moja ndiyo itakayowamaliza.

Mita moja kutoka wapi? Hilo ndilo swali ambalo washauri wengi hawataki uulize, na hasira yangu yote iko hapo. Penye mkondo mkali mchanga hautulii, unajipanga matuta, na matuta yanatembea. Kusini mwa Bahari ya Kaskazini yapo yenye kimo cha mita kadhaa, na yanasogea mita kadhaa kwa mwaka. Sasa chukua tuta la mita 4. Kebo ikipita mgongoni mwake na kuzikwa mita 1, siku ya makabidhiano karatasi itasoma mita 1, mkandarasi atalipwa, kila mtu atasaini. Miaka ikishapita tuta limesogea, bonde limefika pale pale, na sakafu mpya iko mita 3 chini ya kebo uliyoambiwa imezikwa. Inabaki kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, mkondo ukiitikisa usiku na mchana.

Kwenye kebo kubwa ya kupeleka umeme nchi kavu, mtikisiko huo unaanza kuua ganda la risasi, ile metali nzito na laini, linalozuia maji, kwa sababu metali hiyo haivumilii kupindwapindwa. Ganda likipasuka maji yanaingia kwenye plastiki ya kuhami, na hapo hitilafu ni suala la muda tu. Wakati huo huo kebo iko wazi kwa nanga na nyavu za kukokota. Mkandarasi hadaiki chochote, maana mkataba ulisema mita 1 kutoka sakafu ya siku ya kazi, naye alizika mita 1.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na ukisahau yote niliyoandika ubaki nayo: kina kipimwe kutoka sakafu isiyohama, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho mchanga unatarajiwa kushuka katika maisha yote ya mradi, miaka 25 au 30. Iandikwe kwenye mkataba kwa maneno hayo hayo, na kila kipande cha njia kiwe na namba yake ya mwinuko. Namba hiyo huipati kwa upimaji mmoja. Unahitaji angalau miwili iliyoachana vya kutosha, mmoja wapo uwe baada ya msimu wa dhoruba. Ramani za zamani za mabaharia nazo zichimbuliwe, ulinganishe nukta kwa nukta.

Usije ukaruka upande wa pili ukaagiza mita 4 kila mahali. Kebo inatoa joto, na mchanga mwingi juu yake ni blanketi. Plastiki inayohami kebo hizi inataka nyaya zisizidi nyuzi 90 za selsiasi, kwa hiyo ukizika kupita kiasi utalazimika kupunguza umeme unaopita au kununua kebo nene zaidi. Ujerumani wana kanuni ya kelvini 2, yaani ongezeko la nyuzi 2 za selsiasi, kwamba sentimita 20 chini ya sakafu, wanapoishi viumbe, joto lisipande zaidi ya hapo. Hata kupitisha kebo bondeni kuna mtego wake: tuta linalofuata likija juu, kebo iliyokuwa mita 1 inajikuta mita 5. Ndiyo maana kwenye matuta makubwa watu hukwangua vilele kwanza, ndipo wazike chini ya kiwango kisichohama.

Kuna mshauri aliyetuaminisha kwamba mashimo ya kupima udongo yaliyochimbwa kwenye nguzo yanatosha kwa kebo pia. Yanatosha kwa nguzo! Kati ya nguzo na nguzo kuna kilomita moja au zaidi, na humo ndimo unakokutana na ukanda wa udongo mgumu wa mfinyanzi. Mashine ya kuzika kwa maji ya shinikizo inafanya kazi vizuri kwenye mchanga kwa sababu maji yanaulainisha na kebo inazama. Kwenye mfinyanzi mgumu inakwama sentimita 40, meli imesimama na bili inatembea. Hapo panahitaji mashine ya kukata kwa meno au plau nzito, na haipatikani kesho. Matokeo yake watu wanamwaga mawe juu ya kebo, kisha wanashangaa wavuvi wakilalamika kwamba nyavu zinakwama. Pima udongo kwenye njia yenyewe, na wavuvi wakae mezani kabla njia haijachorwa, wakwambie wanakokota wapi na kwa zana gani.

Sehemu mbili nyingine zinaua kebo. Ya kwanza ni ufukweni. Block Island, Marekani, shamba la mitambo 5 tu lililoanza 2016, mawimbi yalifukua kebo kwenye ufuo na ikabidi kazi irudiwe kwa kina zaidi. Ya pili ni mita chache za mwisho kabla kebo haijaingia kwenye nguzo. Mkondo unachimba shimo kuzunguka nguzo, na bila kinga kina cha shimo kinaweza kufika mara 1.3 ya kipenyo chake. Nguzo ya mita 8, shimo la mita 10 hivi. Watu wanaweka mawe kuzuia, halafu kebo inasugua juu ya mawe hayo hayo. Mwaka 2021 Ørsted, kampuni ya umeme wa upepo ya Denmark, ilitangaza kwamba kinga za kebo zilikuwa zinasuguliwa hivyo kwenye hadi mashamba yake 10, kwa gharama ya takribani kroni bilioni 3. Hao ni wazoefu kuliko wote. Mawe na kinga ya kebo visanifiwe pamoja, na timu moja.

Halafu agiza kebo ya akiba na maungio yake pamoja na oda ya kwanza, kabla kiwanda hakijapanga kazi nyingine. Ukarabati ni kutafuta hitilafu, kuifukua kebo, kuikata, kuinua ncha moja sitahani, kuipima, kuunga kipande kipya, kukitandaza hadi ncha ya pili, kuunga tena na kuzika upya. Kila ungio linachukua siku kadhaa za bahari tulivu, na hali ya hewa ikigeuka meli inasubiri. Muda wote huo mitambo yote iliyo ng'ambo ya mkatiko imezima. Imezima kabisa: hata vikausha unyevu ndani haviwaki mpaka upeleke jenereta ya dizeli kwenye kila mtambo, na upeleke mafuta kwa boti.

Kwenye bajeti ya ujenzi kebo ni kifungu kidogo, kwenye madai ya bima ya mashamba haya ndiyo inayokula fedha nyingi. Muuza mitambo hatakuambia hilo, atakuonyesha urefu wa mabawa.

Kesho mwombe mpimaji faili ghafi la sakafu lenye tarehe za upimaji, siyo picha ya rangi kwenye ripoti. Weka hapa tarehe hizo, kimo cha matuta na urefu wa njia, tuangalie pamoja kabla hamjasaini.