Deki imebanduka, fensi imekuwa nyeusi: fundi anajibu maswali yenu

Mvua ndefu imeisha na barua zimekuja nyingi, karibu zote ni za mbao za nje, deki (ile sakafu ya mbao ya nje ya nyumba) na fensi, na nikizisoma naona shida ni ile ile hata kama kila mtu anaieleza kivyake: mbao ilipakwa kabla haijakauka, ama ilipakwa kitu ambacho hakiiachi ikauke. Kwa hivo mkiona narudia neno kukauka leo mnivumilie, hii kitu imekula pesa za watu wengi hapa Nairobi na inaniuma.

Habari fundi. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilitengenezewa deki ya saiprasi nyuma ya nyumba, ikapigwa sanding sila na vanishi koti tatu, iling'aa kama meza ya hoteli. Saa hii inabanduka maganda maganda na pale imebanduka mbao imekuwa rangi ya jivu. Fundi wangu anasema tuongeze koti mbili juu. Nimpe kazi?
*Baba wa watoto wawili, Ruiru*

Usimpe, Baba, tafadhali. Hizo koti mbili zitabanduka pia, na sasa utakuwa na maganda manene zaidi ya kukwangua.

Kabla ya kitu chochote piga magoti hapo kwenye deki, tafuta ganda moja limeinuka pembeni, ingiza ukucha chini yake ulivute polepole. Alafu geuza uangalie upande wa ndani. Utaona nyuzi ndogo ndogo za kijivu zimeng'ang'ania kwa vanishi, kama manyoya ya paka kwenye sweta. Hizo nyuzi ni mbao. Maana yake vanishi haikuachia mbao, ni ile mbao ya juu kabisa ilikufa ikaachia ya chini yake. Vanishi isiyo na rangi ni kama kioo cha dirisha, jua linapita, na jua la Nairobi si la mchezo, tuko karibu na ikweta na tuko juu kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Linavunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, wataalamu wanaiita lignini. Hapo hapo mbao inavimba mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka, vanishi yenyewe ni ngumu haiwezi kufuata, inapata ufa mdogo tu kando ya msumari ama kwenye ncha ya ubao, maji yanaingia, na yakishaingia hayana pa kutokea.

Alafu mwezi wa kumi na moja, Baba, hiyo ni katikati ya mvua ya vuli. Hiyo mbao ilifungiwa maji ndani siku ya kwanza.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kufanya hilo kosa. Ilikuwa kazi moja huko Karen, mwezi wa nne, wenye nyumba walikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, Jumamosi na walitaka deki iwe tayari, mimi nikaona asubuhi jua limetoka nikajiambia imekauka. Juu ilikuwa imekauka kweli. Ndani ilikuwa kama mkate uliochovywa chai. Nilirudi miezi mitano baadaye nikakwangua deki yote kwa gharama yangu na tangu siku hiyo mteja akinipa haraka mwezi wa nne namwambia hapana, hata kama nahitaji hiyo pesa.

Sasa utaitoa hivi. Kwangua maganda kwa kikwaruzo, halafu msasa, anza na namba 60 umalize na 80. Usiende kwa msasa laini wa 180 kama unatengeneza kabati, mbao ya nje ikilainishwa sana vinyweleo vyake vinaziba na rangi haitaingia. Vaa barakoa. Ukimaliza fagia, kisha uoshe na poda ya oksijeni (ukiuliza duka la kemikali waambie sodiamu pakaboneti), koroga kwa maji ya vuguvugu, mwaga kwa mbao, acha kama dakika 15 bila kuiacha ikauke, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki ukifuata mistari ya mbao, suuza vizuri. Brashi ya waya usiiguse kabisa, inaacha chembe za chuma kwa mbao na mvua ya kwanza tu zinageuka kutu.

Alafu subiri. Siku tatu za jua kamili ndo kiasi cha chini, na sehemu yenye kivuli ongeza. Fundi mwenye kipimo cha unyevu akikwambia asilimia 15 kushuka chini, hapo mko sawa. Kama hana kipimo basi siku ndo kipimo chako, usimwache akupunguzie. Ikishakauka dondoshea maji matone kadhaa: yakinyonywa haraka mbao ina kiu, yakikaa juu yamejikunja kama shanga kuna vanishi ya zamani bado, rudi kwa msasa.

Badala ya vanishi paka ile rangi ya mbao inayopenya, mafundi wanaita steini, chagua ya mafuta ya matumizi ya nje na iwe na rangi ndani yake, ya kahawia ama asali, ile ambayo bado unaona mistari ya mbao. Hiyo rangi ndo mwavuli wa mbao dhidi ya jua, ile isiyo na rangi kabisa haikingi jua vya kutosha. Paka mapema asubuhi ama jioni, si saa saba jua la utosi, itakauka juu kabla haijaingia. Chukua mbao mbili ama tatu uzipake kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, ukiachia katikati kutabaki alama ya mshono na haitoki. Ncha za mbao zinyweshe mara mbili maana hapo ndo maji huingilia sana. Ikikaa dakika 15 hivi, ama vile mkebe unasema, pangusa ile haijaingia. Wengi wanakataa kupangusa, wanaona wanatupa pesa, lakini ile inayobaki juu ndo itanata viatu na kubanduka.

Deki ya hivi utairudia baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu kulingana na jua, ila kurudia kwake ni kuosha na koti moja tu, hakuna kukwangua.

Fundi, jirani yangu ananiambia nipake fensi oili chafu ya gari, ati mchwa hawatagusa na inauzwa bei rahisi kwa gereji. Fensi ni ya ofkati, zile mbao za kando ya gogo, chini imeanza kuwa nyeusi na kuoza. Kando ya fensi nimepanda sukuma.
*Mama wa Kitengela*

Mama, hiyo sukuma ndo imenifanya nijibu barua yako mapema.

Oili ikishazunguka kwa injini inabeba masizi ya mafuta yaliyoungua na vyuma vilivyosagika, na ndani ya hayo masizi kuna kemikali zinazoleta kansa. Ndo maana mafundi wa gereji wanaambiwa wasiiache kwa ngozi. Ukipaka fensi, mvua itaiosha polepole iingie kwa udongo, na udongo wako umesema una mboga. Watoto wataegemea pia. Alafu mbao ikishanywa oili chafu huwezi kuja kuipaka kitu kingine baadaye, hakishiki. Najua karibu kila mtaa kuna mtu amepaka, na jirani yako anakutakia mema, lakini hapo amekosea.

Weusi wa chini unatoka kwa udongo. Mbao zako zimegusa chini na zinafyonza maji kila siku kama utambi wa taa, na mchwa anapita hapo hapo bila kuonekana. Kata ile sehemu imeoza, inua mbao zibaki na nafasi ya kama inchi mbili kutoka chini, chimba kidogo kando ya nguzo ujaze kokoto maji yapite. Ukiona mifereji ya udongo inapanda kwa nguzo, hiyo ni barabara ya mchwa, ivunje na uwe unaangalia kila wiki. Na sukuma zisogeze nyuma hatua moja fensi ipate hewa. Ukifanya hayo peke yake bila hata kupaka kitu fensi itaishi miaka mingi kuliko sasa. Ukipata pesa ya steini baadaye ni sawa, kumbuka tu ofkati zina uso mbaya wa msumeno zinakunywa karibu mara mbili ya mbao iliyopigwa randa, nunua kwa hesabu hiyo.

Nguzo ukibadilisha chukua zile za rangi ya kijani kibichi, zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki kwa mashine ya presha, zile zile kama za stima. Lakini vipande vinavyobaki usivichome na usipikie, hata kimoja. Arseniki ni sumu na inabaki kwa jivu na inapanda na moshi.

Bro mi ni fundi mchanga Kahawa West, nimekodisha mashine ya presha ya carwash kuosha deki ya paini, imetoa uchafu wote fiti lakini sasa mbao imeota manyoya na kuna mistari kama mtu ameandika na kisu. Nimeharibu?

Umeumiza ngozi ya juu lakini itapona. Ile mashine imewekwa nguvu ya kutoa matope kwa lori, paini ni laini, maji yanachimba sehemu laini ya mbao na kuacha ile ngumu imesimama. Acha ikauke siku zake, piga msasa 60 kisha 80, mistari mingi itaisha. Yenye imeingia sana mwambie mteja ukweli, usiifiche na rangi maana steini inaingia kwa wingi pale pamechimbika na mistari itaonekana zaidi.

Siku nyingine tumia pua ya kutawanya maji, ile ya digrii 40, punguza presha, kaa mbali kama futi moja, na mkono usisimame mahali pamoja. Mimi kwa paini naosha na brashi na mpira wa kawaida wa maji, inachukua asubuhi nzima na sijawahi kujuta. Na kama kwenu wanapenda kumwaga blichi ya klorini kwa mbao iwe nyeupe, achana nayo, inaua ukungu wa juu lakini inakula mbao pia na kuchoma nyasi za mteja. Usiichanganye na asidi yoyote ama amonia, inatoa gesi inayoweza kuua mtu.

Fensi ya mkaratusi, Rongai. Kila msumari unalia machozi meusi. Tumeosha na sabuni hayatoki.

Hayo si uchafu. Mkaratusi una tanini kama majani ya chai, ikikutana na chuma na maji inakuwa wino. Dawa yake ni asidi ya oksaliki, kijiko kikubwa kimoja mpaka viwili kwa lita ya maji, paka, subiri robo saa, utaona weusi unayeyuka mbele yako, kisha suuza kwa maji mengi. Ni sumu ukimeza, kwa hivo glavu, miwani, na watoto wasiwe karibu, na chupa ya soda usiiwekee hata kwa dakika moja. Lakini misumari ikibaki ile ile machozi yatarudi, ibadilishe uweke ya kupakwa zinki.

Mzee wa Ngong hapa. Nguzo zangu za mwerezi, ile mutarakwa, zimekaa tangu mzee wangu akiwa hai, zimegeuka kijivu kabisa. Watoto wanataka tuzipake. Ni lazima?

Si lazima, Mzee. Kijivu ni jua tu na kiko juu juu. Chukua bisibisi udunge nguzo pale inapotoka ardhini: ikiwa ngumu iache ilivyo, ikizama kama kwa sabuni hiyo imeoza na rangi haitaisaidia. Mutarakwa una mafuta yake mwenyewe ndani. Watoto wakitaka sura waziache hizo, wapake geti.

Ni mwezi gani mzuri kupaka?
*Wengi mmeuliza*

Januari na Februari, ama mwisho wa Agosti na Septemba. Saa hii ya baridi mnaweza kukwangua, kuosha na kurekebisha misumari, lakini Julai ya Nairobi ina mawingu na manyunyu, mbao haikauki vizuri. Mvua ya vuli huanza kama Oktoba, jipeni wiki mbili kabla yake.

Mume wangu amepaka fensi na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) akaacha vitambaa vimekunjwa kwa ndoo stoo. Usiku nimesikia harufu ya kuungua, nikagusa vikawa moto. Ni kawaida?
*Mama wa Umoja*

Mama, Mungu amewaokoa. Hayo mafuta yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kikikunjwa joto linakosa pa kwenda mpaka kinawaka chenyewe bila kiberiti. Ni hivo hivo kwa steini nyingi za mafuta. Vitoe sasa hivi, uvitumbukize kwa ndoo ya maji iliyo nje mbali na nyumba. Siku zijazo kila kitambaa kitandazwe peke yake kwa kamba nje ama chini kwa simenti, kisirundikwe, na kikishakauka kikawa kigumu kama kadi ndo unakitupa.