Shokapu za mbele za Morris Minor: usikaze bushi gari likining'inia

Kwenye magari mengi shokapu ikifa, gari linadundadunda lakini magurudumu yanabaki mahali pake. Morris Minor, iliyotoka mwaka 1948, haiko hivyo. Shokapu yake ya mbele ni ya mkono, yaani ina wenzo wa chuma unaopanda na kushuka, na mkono huo ndio unaoshikilia kwa juu kingpini, ile nguzo ya chuma inayobeba gurudumu. Bodi ya shokapu ikilegea hata kidogo kwenye bolti zake nne, gurudumu linabadili mlalo, na usukani unaanza kutangatanga. Watu wengi hubadilisha tairi na kuchezea alainimenti (mpangilio wa magurudumu) wakati tatizo lote liko hapo juu.

Kabla ya kufunga shokapu, iwe mpya au iliyofanyiwa ukarabati, ibane kwenye jiliwa ikiwa wima kama itakavyokaa garini. Futa vumbi lote kuzunguka kizibo cha juu kabla ya kukifungua, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiingia inatosha kuzuia valvu isifunge. Jaza mafuta hadi karibu na tundu, kisha sukuma mkono taratibu mpaka mwisho wa mwendo wake, juu na chini, mara kumi hivi. Ongeza mafuta, rudia. Uzito unatakiwa uwe sawasawa njia nzima. Ukikutana na sehemu ambayo mkono unapita mtupu, bado kuna hewa au mafuta hayatoshi. Ukitikisa mkono kando na shafti ikacheza, shokapu imekwisha. Kuijaza mafuta mazito zaidi kutaficha ugonjwa kwa wiki chache tu, na itavuja tena. Mafuta ya foku za pikipiki ya SAE 20 yanafaa. Mafuta ya breki yasikaribie kabisa, yanaharibu sili.

Kutoa ya zamani kunahitaji tahadhari moja kubwa. Minor haina springi za koili mbele. Ina fito ndefu za chuma zinazojipinda, na nguvu yake ni kubwa. Legeza nati za gurudumu, inua gari, weka stendi chini ya chasisi, kisha weka jeki chini ya mkono wa chini wa sasipensheni, karibu na gurudumu, na uiache hapo muda wote. Jeki ndiyo inayoshika ile nguvu. Ukiisahau na kuchomoa pini ya juu, ile inayofunga mkono wa shokapu, mkono wa chini utashuka kwa kishindo. Pini ikishatoka, funga habu kwa waya isiangukie nje, la sivyo uzito wote utaning'inia kwenye mpira wa breki. Ndipo unyooshe washa za kukunja, zile zinazozuia nati zisilegee, na kufungua nati nne za bodi ya shokapu.

Ukiwa hapo, kagua tranioni, vile vipande vinavyoshika kingpini, za juu na za chini. Zimefungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye kingpini na zinaishi kwa grisi tu. Nyuzi za chini zikilika kabisa, gurudumu hulala chini ya gari, mara nyingi wakati wa kukata kona pole pole. Nikichagua kati ya shokapu mpya na tranioni mpya, nanunua tranioni kwanza.

Wakati wa kufunga, kwangua kutu na rangi pale bodi inapokaa. Lazima ikae bapa, chuma kwa chuma. Rangi nene hubonyea baada ya siku chache na bolti zinalegea. Angalia pia upande, maana shokapu ya kushoto si ya kulia. Ingiza nati zote nne kwa vidole, kisha kaza kwa msalaba kidogo kidogo, na utumie washa za kukunja mpya.

Bushi za mpira kwenye tranioni ziingize kwa maji ya sabuni. Grisi na oili huzilainisha zikaoza. Funga nati ya pini kwa kiasi cha kushikilia tu, rudisha gurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache ili likae kimo chake cha kawaida. Sasa kaza. Bushi hizi hazizunguki kwenye pini, zinajisokota. Ukizikaza gari likiwa juu ya stendi, zitakuwa zimesokotwa kila dakika gari linaposimama chini, na zitachanika mapema sana.

Za nyuma ni rahisi, hazibebi gurudumu. Angalia tu viungo vya mpira vinavyounganisha mkono na ekseli. Vikichakaa vinagonga, na lawama hupewa shokapu.

Mwishowe pima alainimenti: magurudumu ya mbele yaingie ndani milimita 2.4, yaani upande wao wa mbele ukaribiane zaidi kuliko wa nyuma kwa kiasi hicho. Baada ya kilomita 500 hivi fungua boneti na ushike tena zile nati nne kwa spana.