Maswali na Majibu: Aliyeongoza mchujo wa bastola ya upepo aliishiaje nafasi ya saba?

SWALI: Mwalimu, assalamu alaikum. Mimi ni msomaji wenu wa Muscat na mwaka huu nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha. Nimeitazama tena fainali ya wanaume ya bastola ya upepo, mita 10, ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Saurabh Chaudhary wa India aliongoza mchujo kwa pointi 586, lakini fainalini akatolewa mapema na kushika nafasi ya saba. Javad Foroughi wa Iran aliingia akiwa wa tano kwa pointi 580, naye akatwaa dhahabu kwa 244.8. Zile pointi za mchujo zilikwenda wapi? Pia naomba unifafanulie jambo moja: kocha wangu hunisisitizia nikitazame kilengeo cha mbele cha bastola, nisiitazame shabaha. Inawezekanaje kupiga kitu usichokitazama?

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Maswali yako umeyaleta kama mambo mawili, lakini yote yanakutana ndani ya duara la pointi 10, ambalo kwa bastola ya upepo lina kipenyo cha milimita 11.5 tu. Nitaanza na hesabu ya pointi kisha nije kwenye kilengeo, kwa sababu ukishaielewa hesabu utaona mwenyewe kwa nini kocha wako hachoki kukukumbusha.

Pointi za mchujo hazikwenda popote. Zilikuwa zimemaliza kazi yake. Katika mchujo kila mshindani hupiga risasi 60 ndani ya dakika 75, na kila risasi huhesabiwa kwa namba kamili, hivyo kiwango cha juu kabisa ni 600. Wanane bora huingia fainali, na wote huanza na sifuri. Kanuni hii ya kuanza upya ililetwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, baada ya Michezo ya London ya 2012. Kabla ya hapo mshindani aliingia fainali na pointi zake za mchujo, akaongezewa za risasi kumi za fainali. Kwa utaratibu huo wa zamani, Wang Yifu wa China aliingia fainali ya Atlanta mwaka 1996 akiwa mbele, akabaki mbele hadi risasi ya mwisho, ambayo ilimpa 6.5 tu. Roberto Di Donna wa Italia akashinda kwa 684.2 dhidi ya 684.1, na Wang, aliyekuwa mgonjwa, akazimia pale pale uwanjani. Nakutajia kisa hicho ili ujue kwamba hata akiba ya mchujo haikumhakikishia mtu dhahabu, ingawa ilimpa kinga ambayo Chaudhary hakuwa nayo.

Jambo la pili kuhusu hesabu ndilo watazamaji wengi hawalioni. Fainali haihesabiwi kwa namba kamili bali kwa desimali, na risasi bora kabisa ni 10.9. Risasi ya bastola ya upepo ina kipenyo cha milimita 4.5, na inatosha ukingo wake uguse mstari wa duara ili mpigaji apewe pointi za duara hilo. Kwa hiyo, ukipima kutoka katikati ya shabaha hadi katikati ya tundu la risasi, umbali wowote usiozidi milimita 8 ni pointi 10, na usiozidi milimita 16 ni pointi 9. Kila desimali moja ni milimita 0.8. Sasa angalia: risasi iliyotua milimita 8 kutoka katikati na nyingine iliyotua milimita 8.5 zinatofautiana kwa pointi nzima katika mchujo, kwa kuwa moja ni 10 na nyingine ni 9. Fainalini zinatofautiana kwa desimali moja tu, yaani 10.0 na 9.9. Kinyume chake, risasi iliyopenya katikati kabisa na ile iliyogusa tu mstari wa 10 ni sawa mbele ya mchujo, ilhali fainalini ya kwanza inaizidi ya pili kwa pointi 0.9.

Ndiyo kusema mchujo na fainali vinapima vitu viwili tofauti. Kama hakuna aliyepiga chini ya 9, pointi 586 ni sawa na risasi 46 za 10 na 14 za 9, na pointi 580 ni risasi 40 za 10 na 20 za 9. Hesabu hiyo inatuambia ni mara ngapi mtu ameingia ndani ya duara, lakini haituambii aliingia kwa kina gani. Kwa kanuni zilizotumika Tokyo na Paris, fainali ilikuwa na risasi 24: mafungu mawili ya risasi tano, kila fungu likipewa sekunde 250, kisha risasi moja moja kwa amri, kila moja ikipewa sekunde 50. Baada ya risasi ya 12 mwenye pointi chache zaidi alitoka, na baada ya hapo alitoka mmoja kila baada ya risasi mbili. Chaudhary alitoka baada ya risasi 14 akiwa na 137.4, sawa na wastani wa 9.81 kwa risasi. Foroughi, muuguzi aliyekuwa na umri wa miaka 41, alikuwa na wastani wa 10.2 katika risasi zote 24. Ukiibadilisha tofauti hiyo kuwa umbali, unapata takribani milimita 3 kwa kila risasi, pungufu ya unene wa risasi yenyewe. Katika fainali ya Rio ya 2016, Hoang Xuan Vinh aliipatia Vietnam dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kwa 202.5 dhidi ya 202.1 za Felipe Wu wa Brazil, baada ya kupata 10.7 kwenye risasi ya mwisho. Pointi 0.4 ni milimita 3.2, na hiyo ndiyo jumla ya tofauti yao katika risasi 20.

Kwa maoni yangu kuanza na sifuri ni haki, maana waliofika fainali wote wamekwisha kujithibitisha. Ninachokiona kuwa kasoro ni mchujo wa bastola kuhesabiwa kwa namba kamili wakati ule wa bunduki ya upepo ulikuwa ukihesabiwa kwa desimali katika michezo hiyo hiyo ya Tokyo na Paris. Mpigaji wa bastola anaweza kuzoea mazoezini kuridhika na kila 10, kisha akafika fainalini na kukuta kwamba 10.1 zake zinamrudisha nyuma polepole. Kwa hiyo, kama klabu yenu ina shabaha za kielektroniki, mwombe kocha akuwekee desimali tangu sasa, hata kama mashindano yenu ya ndani hayazihesabu.

Tuje sasa kwenye kilengeo. Bastola ya upepo hairuhusiwi kuwa na darubini. Ina kilengeo cha mbele, ambacho ni kipande kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu, na kilengeo cha nyuma chenye mwanya. Unapolenga, kile cha mbele kinatakiwa kisimame katikati ya mwanya wa kile cha nyuma, kingo zao za juu zikiwa usawa mmoja na mwanga wa kulia ukiwa sawa na wa kushoto. Unaishika kwa mkono mmoja ulionyooka, kifundo cha mkono kikiwa huru bila mshikizo wowote. Mkono huo hautatulia kamwe. Hata bingwa wa Olimpiki huona kilengeo chake kikicheza kwa mapigo ya moyo.

Zipo aina mbili za mtikisiko, na hasara zake hazilingani hata kidogo. Ya kwanza ni pale bastola yote inaposogea kulia au kushoto, juu au chini, lakini vilengeo vyake vimebaki vimepangana sawasawa. Ikisogea hivyo kwa milimita 5, risasi nayo husogea milimita 5 kwenye shabaha, na bado unapata 10.3. Ya pili ni pale kifundo cha mkono kinapopinda kidogo na kilengeo cha mbele kikatoka katikati ya mwanya. Tuseme umbali kati ya vilengeo viwili ni sentimita 32. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu, kosa hilo linakua kadiri risasi inavyokwenda, na kufikia mita 10 limekuwa zaidi ya milimita 31. Hiyo ni 7.0, tena kwa kubahatisha. Hata nusu milimita inakushusha hadi mwanzo wa 9.

Jicho la mwanadamu haliwezi kuona kwa ukali kitu kilicho mwisho wa mkono na kingine kilicho mita 10 kwa wakati mmoja. Lazima uchague, na hesabu hiyo imekwisha kukuchagulia: kilengeo kionekane kwa ukali, shabaha ibaki na ukungu. Huiachi shabaha kabisa, kwani doa lake jeusi lenye upana wa milimita 59.5 linaendelea kuonekana nyuma ya kilengeo. Ndiyo sababu wapigaji wengi hawalengi ndani ya weusi bali kwenye weupe ulio chini yake, ambako ncha nyeusi ya kilengeo inaonekana vizuri, kisha hurekebisha kilengeo cha nyuma ili risasi itue katikati. Ile miwani yenye lenzi moja na tundu dogo unayoiona kwa baadhi yao inasaidia kukikaza kilengeo machoni na kuipunguzia shabaha ukungu, lakini si sharti: Yusuf Dikeç wa Uturuki alipata medali ya fedha ya timu mchanganyiko Paris 2024 akiwa na miwani ya kawaida. Mkono wake uliokuwa mfukoni ulishangaza watu wengi, ingawa ni desturi ya kawaida, kwa kuwa mkono usio na kazi ukining'inia huyumbisha bega.

Kifundo kinapinda zaidi wakati wa kuminya triga kuliko wakati mwingine wowote. Kanuni zinataka triga isikubali kufyatuka kwa uzito ulio chini ya gramu 500, na anayeanza, akiona kilengeo kimepita mahali pazuri, huivuta kwa ghafla ili asiikose nafasi hiyo. Mvuto huo wa ghafla ndio unaokihamisha kilengeo ile milimita moja. Fanya hivi: mbele ya ukuta mweupe usio na shabaha, bastola ikiwa imethibitishwa kuwa haina risasi, inua mkono, panga vilengeo, minya triga taratibu hadi ifyatuke, na uendelee kukitazama kilengeo cha mbele kwa sekunde moja au mbili baada ya kufyatua. Kikiruka pembeni, utakiona, kwa kuwa hakuna doa jeusi la kukuvutia macho. Na kama sekunde kumi zimepita na triga haijafyatuka, shusha mkono, pumua, uanze upya. Ukiizoea hali hiyo ukutani, ndipo umwombe kocha akuwekee saa ya sekunde 50, kwa sababu ndani ya muda huo wa fainali ipo nafasi ya kushusha mkono mara moja na kuinua tena.