Jibu: LED za nyuma ya TV zinageuka nyekundu mwishoni
Salaam mkuu. Umesema mkanda wa LED wa USB nyuma ya TV ya inchi 55 unawaka mweupe mwanzoni, kisha unakuwa mwekundu-mwekundu kuelekea mwisho.

Kwanza weka bluu peke yake. Ikiwaka mpaka mwisho, LED ni nzima, umeme ndio unaishia njiani. Tundu la USB la TV nyingi hutoa ampea 0.5 kwa volti 5, wati 2.5 tu, na kuzunguka TV hiyo ni karibu mita 3.8. Volti ikishuka, bluu na kijani, zinazotaka kama volti 3, hufifia mapema. Nyekundu hutosheka na 2 hivi.

Hamishia kwenye chaja ya simu ya volti 5, ampea 2 au zaidi. Ubaya wake, taa hazitazimika pamoja na TV. Adapta ya volti 12 usiiguse, utaunguza kila kitu.

Wekundu ukibaki, ongeza nyaya nne kutoka kwenye kontrola (kile kiboksi kinachopokea rimoti) hadi mwisho wa mkanda, ili umeme uingie pande zote mbili, uunge kila moja na alama yake: 5V, G (kijani), R (nyekundu), B (bluu). Ukichanganya hizo tatu za mwisho, rangi zitapishana na rimoti. Kwenye kona usiukunje mkanda. Kata penye alama ya mkasi, uunge kwa waya.