Asumini iliyogeuka rangi, nyuki wa Sikonge na maswali mengine ya manukato

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinahusu marashi ya maua. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa na matatizo yenyewe hayalingani.

Chupa yangu ya asumini ilikuwa nyeupe kama maji, sasa imekuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Nikijipulizia, mwanzo kabisa inanuka naftalini. Imeharibika? – Msomaji, Ujiji

Rangi peke yake si ushahidi. Ndani ya asumini mna kitu kiitwacho indoli. Hicho ndicho kinacholipa ua la asumini ule utamu mzito wa usiku, kama tunda lililoiva likapitiliza kidogo. Indoli ikiwa peke yake hunuka naftalini. Ikiwa na wenzake ndiyo inayotofautisha asumini na sabuni ya kuogea. Ikikutana na hewa na mwanga hubadilika, kwanza manjano, halafu hudhurungi. Vanila nayo hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo usiamini macho. Puliza mara moja kwenye karatasi nyeupe, iache dakika 10, kisha inuse. Kama naftalini imetulia na ua limebaki, marashi ni mazima. Marashi yaliyoharibika hunuka siki, au dawa ya kutolea rangi ya kucha, au karanga zilizochacha, na harufu hiyo bado ipo nusu saa baadaye. Yakifika hapo yaondoe kwenye ngozi, maana mafuta ya maua yaliyoingiliwa na hewa huweza kuwasha. Mtandio wa rangi ya giza bado unaweza kuyamalizia.

Ya kuzuia ni joto. Katika nyumba ya bati isiyo na dari, rafu ya juu mchana ni tanuri. Chupa ikae ndani ya boksi lake, droo ya chini kabisa au sandukuni chini ya kitanda. Bafuni isikae hata siku moja. Friji inafaa pale tu umeme usipokatika ovyo, kwa sababu kupoa na kupata joto kila siku ni kubaya kuliko joto la wastani lisilobadilika. Chupa iliyobaki robo ina hewa nyingi kuliko marashi: hamishia kwenye kichupa cha ml 10 kijae hadi shingoni.

Masika napuliza mara mbili na ofisi nzima inajua nimefika. Kuanzia Agosti hadi Oktoba hapa Tabora mjini, saa moja tu na sijinusi tena. Je, niongeze? – Msomaji, Cheyo

Usiongeze kwanza. Hapo kuna mambo mawili na yanatibiwa tofauti.

La kwanza ni ngozi. Harufu ya maua mengi imetengenezwa na vitu vyepesi vinavyopeperuka upesi. Kiangazi cha Tabora hewa ni kavu, jua ni kali na ngozi imepauka. Marashi yanayeyuka kabla hayajapata pa kushika. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka vaselini isiyo na harufu, utando mwembamba tu, kifuani na nyuma ya shingo. Kisha puliza mara zako mbili zile zile: moja kifuani chini ya nguo, moja nyuma ya shingo. Usisugue ulipopuliza: msuguano unaongeza joto na kuufukuza ule mwanzo wa ua uliougharimia. Ukiwa na halwaridi au mafuta ya sandali, anza na tone dogo kama punje ya mchele, halafu puliza juu yake. Hayo mazito huwakamata wale wepesi. Tazama pia lebo. Eau de toilette kwa kawaida ina manukato asilimia 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20. Kwa kiangazi cha huko, hiyo ya pili ndiyo ya kununua.

La pili ni pua yenyewe. Pua huzoea, na kuna maua yanayoizoesha haraka zaidi. Harufu ya ua la urujuani hutokana na ayononi, ambazo huitia pua ganzi: unanusa, inapotea, baada ya dakika chache inarudi. Ayononi zimo katika marashi mengi ya waridi na ya maua mchanganyiko. Baada ya saa mbili muulize mtu aliyesimama umbali wa mkono mmoja. Akisema anaisikia, aliyechoka ni pua yako, na kuongeza ni kuwaumiza wenzako kichwa.

Angalizo moja la juani: marashi yenye bergamoti, tunda la jamii ya limau, usiyapake shingoni ukaenda kutembea mchana. Mafuta ya bergamoti ambayo hayakusafishwa hufanya ngozi iungue na kuacha madoa meusi yanayokaa miezi.

Nafuga nyuki Sikonge, mizinga ya magome na ya kisasa. Mke wangu amenizawadia unyunyu wa maua, wenzangu wanasema nikiuvaa nitashambuliwa. Kweli? – Mrina asali

Kweli, ndugu yetu, na sababu yake inajulikana. Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani. Sehemu kubwa ya harufu hiyo ni isoamili asetati, ambayo kwa pua ya binadamu ni ndizi mbivu tupu. Marashi ya maua yaliyochanganywa na matunda mara nyingi yana kitu hicho au ndugu zake, na mlangilangi wenyewe una mkondo wa ndizi. Hata yasiyo nayo, harufu kali yoyote huwaleta walinzi wa mzinga kukukagua.

Siku ya kurina, acha unyunyu tangu asubuhi ya jana yake na uoge kwa sabuni isiyo na harufu. Nguo za mzingani zisilale sanduku moja na nguo za kutokea, kwa sababu kitambaa hutunza harufu siku nyingi kuliko ngozi. Ndizi nazo zile ukirudi. Ukichomwa, kwaruza mwiba utoke mara moja kisha fukiza moshi pale pale ili kuifunika ile harufu ya kuita. Na mikono yenye marashi isiguse nta, maana nta hunyonya harufu na haiitoi. Zawadi ya mama watoto ivae jioni, mbali na mizinga.

Nimepewa binti wa kumfunda, harusi ni mwezi ujao. Marashi ya spiriti yanamwasha. Nataka nimtengenezee ya kupaka, ya asumini, kwa nta ya Tabora. Vipimo vipi? – Somo, Ujiji

Shikamoo, somo. Nta gramu 10, mafuta ya nazi yaliyosafishwa yasiyo na harufu ml 30, mafuta ya asumini yasiyo na spiriti ml 2. Hiyo ni takriban asilimia 5. Kwa ngozi yake hiyo anza na ml 1 na umjaribishe kwenye kunjo la kiwiko, saa 24 kabla ya kumpaka kwingine.

Nta isafishwe kwanza. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, iache igande juu ya maji, kisha kwangua uchafu ulioshika chini yake. Ukiiruka hatua hii, harufu ya moshi na asali itaifunika asumini yote.

Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo bakuli likae ndani ya sufuria ya maji yanayofuka, lisiguse moto. Nta na mafuta ya nazi vikishakuwa kitu kimoja, epua usubiri. Wengi hukosea hapa. Tazama ukingo wa bakuli: mwanzo mchanganyiko unang'aa kama asali mbichi, halafu pembeni unaanza kushika utando mweupe, mwembamba kama wa uji uliopoa. Hapo ndipo pa kutia asumini. Koroga mara kumi, mimina upesi kwenye vikopo vikavu. Ukitia mapema, jiko litanukia na kikopo hakitanukia. Ukichelewa, utapata mabonge.

Yakitoka na chembechembe, yamepoa polepole. Yayeyushe tena na kikopo ukiweke juu ya maji baridi. Yakitoa jasho la mafuta mchana, ongeza nta gramu 2. Marashi ya chupa ya kupuliza usiyatumie kabisa: spiriti haikubaliani na nta, na karibu na jiko inashika moto.

Kama una mti wa asumini uani, usichemshe maua; moto huiua harufu yake. Asumini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, ndiyo maana Wafaransa wa mji wa Grasse walikuwa wakiilaza juu ya mafuta ya mgando. Paka mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu kwenye sahani, unene wa milimita 5. Chuma vichomozo jioni kabla havijafunguka, vikavu bila umande, vipange juu yake, funika. Kesho jioni vitoe, weka vingine. Fanya hivyo siku 10 hadi 14. Ua likiachwa siku mbili, au likiwekwa na maji, linaleta ukungu. Chukua mafuta hayo badala ya nusu ya mafuta ya nazi, uyatie mwishoni, nta inapoanza kushika ule utando. Yatanukia kwa upole zaidi, lakini itakuwa asumini ya nyumbani kwenu.

Nataka kuanza kukusanya marashi ya maua lakini pesa ni ya mawazo. Nianze na yapi? – Mwanafunzi, Kigoma

Usinunue chupa kubwa. Puliza moja ni takriban ml 0.1, hivyo kichupa cha ml 5 ni mara 50 hivi, kinatosha kabisa kulijua ua. Na kusanya kwa ua, usikusanye kwa jina la duka.

Waridi liwe la kwanza, na lianze kwa mafuta: halwaridi ya Taif, Saudia, ina ukali wa pilipili na limau ndani yake, haina uhusiano na sabuni ya waridi. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutaka tani kadhaa za petali, basi ukiuziwa kichupa kwa bei ya soda jua si hayo. Mlangilangi ufuate, kwa kuwa ni wa jirani zetu wa Komoro. Mtamu, mzito, una ndizi na karafuu kwa mbali. Chanel No. 5, aliyoitunga Ernest Beaux mwaka 1921, ina mlangilangi, asumini na waridi pamoja, na ni shule nzuri ya kusikia maua yakiwa hayatenganishiki. Tuberosi, ua jingine jeupe, ni nzito kuliko asumini, ina siagi ndani yake. Marashi ya Fracas, aliyoyatunga Germaine Cellier mwaka 1948, ndiyo kipimo chake. Puliza moja tu, tena jioni. Mchana wa joto la ziwani inakaba.

Ua la muguet, vikengele vyeupe vya Ulaya, ni la ajabu kuliko yote kwa mkusanyaji. Halitoi mafuta ya kuuzwa, hivyo watengenezaji hulijenga kwa vitu vingine. Edmond Roudnitska alilijenga katika marashi ya Diorissimo mwaka 1956. Kimoja cha vitu walivyotegemea wengi, Lilial, kilipigwa marufuku Umoja wa Ulaya tarehe 1 Machi 2022. Lebo ya marashi ya muguet ikiandikwa Butylphenyl Methylpropional, ambalo ndilo jina la Lilial kwenye lebo, huenda umeshika ya enzi iliyopita, na tofauti yake na mapya utaisikia.

Siku moja usijaribu zaidi ya matatu ngozini. Andika daftarini hali ya hewa, kisha ulichonusa baada ya dakika 10, saa 1 na saa 4. Kahawa ya kunusa katikati haisafishi pua; nenda nje ukavute hewa.

Nachanganya pafyumu za kupima hapa Mwanga. Leo mzigo mzima umekuwa mweupe kama maji ya mchele. – Mfanyabiashara

Maji yamezidi. Ethanoli iwe asilimia 95 au 96. Ikishuka chini ya 80 hivi, mafuta mengi yanakataa kuyeyuka. Kwa chupa ya ml 50 weka mafuta ml 10 na ethanoli ml 40, bila maji. Mzigo ulioharibika, chota ml 10 uongeze ethanoli kidogo kidogo kwa bomba la sindano hadi ung'ae, kisha piga hesabu ya zilizobaki.

Yakitulia matone chini ya chupa, kosa ni la mafuta: yamechanganywa na mafuta ya watoto au ya kupikia, ambayo hayayeyuki kwenye ethanoli. Kabla ya kununua, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Kesho yake, likiacha duara linalopitisha mwanga kama karatasi iliyofungia andazi, waachie wenyewe. Spiriti ya hospitali ina harufu yake, na ile ya kuwashia huwa na methanoli, sumu inayopita kwenye ngozi, usimuuzie mtu. Ukishachanganya, weka gizani wiki 2 hadi 4. Maua yaliyochanganywa leo yananuka spiriti leo.

Doa la manjano la marashi kwenye kanga nyeupe? – Msomaji, Gungu

Kabla ya maji na sabuni, weka kitambaa cheupe chini ya doa, ligongegonge kwa spiriti kutoka upande wa nyuma, ukihamisha kitambaa kila kikichafuka. Kisha fua. Usipige pasi hadi liishe, maana pasi hulifunga doa lisitoke tena. Kuanzia sasa ining'inize kanga, simama sentimita 30 kutoka kwake, na upulize upindo wa ndani.